Volkswagen ya baba imeliwa na kutu, naanzia wapi?

Maswali ya wasomaji

Maswali ya safari hii yote yanahusu gari moja: Volkswagen ya mgongo wa mviringo, yenye injini nyuma. Iliuzwa sana Afrika Mashariki, mwaka 1962 ilishinda Safari Rally, na kwa kuwa kiwanda cha Mexico kiliendelea kuitoa hadi Julai 2003, vipuri vyake vingi bado vinapatikana vipya. Injini yake hufufuka kwa urahisi. Kinacholiua gari hili ni kutu, kwa hiyo majibu yetu mengi yamekaa hapo.

Shikamoo mafundi. Baba aliacha Volkswagen ya 1968 chini ya mwembe, imekaa miaka kumi na mitano. Nataka kuifufua mwenyewe nyumbani, na sijawahi kushika grenda. Nianzie wapi?
Msomaji, Moshi

Marahaba. Grenda iache kwanza, chukua bisibisi kubwa na tochi. Kazi ya siku ya kwanza ni kuchoma bati kwa ncha ya bisibisi na kuandika kila mahali inapozama.

Ondoa kiti cha nyuma. Upande wa kulia ndipo betri inapokaa, na asidi yake hula sakafu kuanzia hapo. Inua mazulia yote, choma sakafu pembeni mwa mgongo wa katikati, kisha uende kwenye boksi zilizo chini ya milango, zile ambazo ndani yake hupita hewa ya moto ya hita. Hizo boksi ndizo uti wa bodi. Ukifungua mlango ukauona unashuka ukining'inia, na ukiufunga unagonga kizingiti, boksi la upande huo limekwisha hata kama kwa nje linang'aa. Endelea mbele, kwenye shimo la spea tairi, kisha nyuma panapofungwa bampa, kisha kona za chini za vioo.

Mahali pa kuamua kama gari linafaa ni chini kabisa, mbele: kichwa cha chesisi, pale ekseli ya mbele inapofungwa kwa bolti nne kubwa. Sakafu na boksi hubadilishwa na mtu anayejifunza akiwa na subira. Kichwa cha chesisi kikiwa kimeoza, magurudumu ya mbele hayana pa kushika, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vya kupimia na kunyoosha. Bisibisi ikizama pale, pata bei ya fundi huyo kabla hujanunua hata msasa.

Ukiwa bado chini ya kiti cha nyuma, sugua taratibu kwa brashi laini juu ya mgongo wa katikati. Namba ya chesisi imegongwa pale. Kwa gari la modeli ya 1968 kwa kawaida ni tarakimu tisa zinazoanza na 118, nane ikiwa ndiyo alama ya mwaka wa modeli. Ilinganishe na kadi ya gari. Usipitishe grenda karibu na namba hiyo, maana ikifutika utapata taabu isiyoisha kwenye usajili na bima.

Halafu fuata mpangilio huu: kutu ya chesisi na bodi, kisha breki, kisha injini, kisha rangi, na viti mwisho. Wanaoanza wengi huanza na rangi kwa sababu inafurahisha macho, halafu cheche za kuchomelea zinaiunguza. Kila unachofungua kipige picha kwa simu kabla na baada, na bolti zake ziingie kwenye kopo lenye kifuniko na jina: "mlango kulia", "bampa nyuma". Baada ya miezi minane hutakumbuka chochote bila makopo hayo.

Na usiingie chini ya gari lililowekwa juu ya matofali. Tofali hupasuka bila kutoa dalili. Nunua stendi nne za chuma, ziweke chini ya bomba kubwa la ekseli ya nyuma na chini ya mabomba ya ekseli ya mbele. Matundu ya jeki ya pembeni usiyaamini; kwenye gari lenye kutu huwa yanaingia ndani.

Fundi wa mtaani ameniambia atapiga bati juu ya matundu, apake puti, apulize rangi, na siku ya tatu nachukua gari. Bei yake ni nzuri. Mnanishaurije?
Msomaji, Mombasa

Tunakushauri ukatae, ndugu yetu, hasa kwa kuwa unakaa pwani.

Bati jipya likilazwa juu ya bati lenye kutu, kati yake unabaki mwanya mwembamba kama karatasi. Maji huingia humo yenyewe na hayatoki, na hewa ya bahari inaleta chumvi. Kutu ya zamani inaendelea kula gizani, sasa ina mabati mawili ya kula. Puti nayo hunyonya unyevu kama sifongo ikiwa imepakwa juu ya chuma kilichotoboka, kwa sababu maji yanaifikia kwa nyuma. Baada ya mvua za masika moja au mbili utaona vipele vidogo kwenye rangi. Ukivibonyeza, kidole kinaingia.

Uliza pia ni bati gani. Wengine huchukua mabati ya kuezekea, geji 28 au 30, ambayo hayafiki nusu milimita. Bati la bodi ya gari hili linakaribia milimita moja. La kuezekea ni jembamba, linatoboka kwa moto, na zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi mweupe unaomtia anayechomelea homa na baridi usiku huohuo. Nunua bati jeusi la geji 20 kwa bodi, geji 18 kwa sakafu. Likihitaji kukunjwa, mafundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, watakukunjia kwa kipimo utakachowapa.

Kazi sahihi ni kukata. Kata sentimita mbili au tatu kupita pale macho yanapoona mwisho wa kutu, hadi ufikie chuma kinachong'aa pande zote mbili, mbele na nyuma. Tengeneza kiraka kinacholingana na tundu, ukingo ukikutana na ukingo bila kupandana, na mwanya wa kama milimita moja kuzunguka. Puti ina nafasi yake, ila ni ya kusawazisha mabonde madogo juu ya chuma kizima kilichopakwa praima ya epoksi, na isizidi milimita tatu. Fundi akikubali masharti hayo mpe kazi, na ulipe kwa awamu, ukikagua kila tundu kabla halijapakwa chochote.

Sakafu imeoza pande zote na boksi zote mbili za chini ya milango zimekwisha. Rafiki anasema lazima nitoe bodi yote kwenye chesisi. Ni kweli? Mashine ya kuchomelea ya migi ninayo, lakini mimi ni mwanafunzi.
Msomaji, Dodoma

Si lazima, na kwa mwanafunzi tunaona ni hatari kuliko faida. Bodi ya Volkswagen imefungwa kwenye sakafu kwa bolti kuzunguka yote, nyingi za spana 13 na chache za 17, na watu sita wanaweza kuibeba. Lakini bodi isiyo na boksi nzima, ikishanyanyuliwa, hujikunja kama boksi la karatasi lililokatwa pembe. Itakaporudi chini, milango haitafunga, na hutajua kosa liko wapi. Ikibaki juu ya chesisi yake, chesisi ndiyo inayokushikia vipimo. Fanya upande mmoja, umalize, uende wa pili.

Kabla ya yote toa tangi la petroli. Liko mbele chini ya boneti, limeshikwa na bolti nne tu. Lipeleke mbali, nje ya banda. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Ng'oa mazulia na ile lami nyeusi iliyobandikwa sakafuni, maana inashika moto taratibu na kuendelea kufuka ukidhani umemaliza. Toa betri. Weka karibu kizima moto cha unga cha kilo mbili na ndoo ya maji, na ukimaliza kazi ya siku kaa na gari nusu saa nzima ukinusa.

Sawazisha gari kwenye stendi kwa pima maji. Pima kila tundu la mlango kwa mshazari, kona hadi kona, uandike namba ukutani. Chukua bomba la mraba la inchi moja, ulichomelee kwa ndani kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na jingine livuke gari kutoka kulia kwenda kushoto. Mabomba haya yakae ndani kiasi kwamba mlango bado unafungika, kwa kuwa utaufunga na kuufungua mara nyingi.

Anza na sakafu. Fungua bolti za upande huo; zilizoganda zimwagie mafuta ya kulegeza kwa siku tatu mfululizo kabla ya kuzigusa, na zitakazokatika zisikutie huzuni, unabadilisha vyote hata hivyo. Kata sakafu ya zamani ukiacha ukingo wa sentimita mbili kando ya mgongo wa katikati. Sakafu mpya huuzwa ikiwa nusu, ya kulia na ya kushoto. Itoboe matundu ya milimita nane kila baada ya sentimita nne, ilaze juu ya ukingo ule, uibane kwa vibanio, uyajaze matundu kwa migi. Kabla ya kuilaza, paka praima ya zinki kwenye sehemu zitakazogusana, ukiacha wazi pale utakapochomelea.

Sasa boksi. Sehemu lilipounganishwa kiwandani utaziona kama vidoti vya duara. Zitoboe kwa keekee ya milimita nane badala ya kukata ovyo, ili bati zima la nguzo lisiharibike. Boksi jipya lifunge kwa bolti kwenye sakafu mpya, zikaze kwa mkono tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kati ya boksi na sakafu hukaa gasketi ya mpira. Ukiiweka sasa itaungua, usipoiweka bodi itakaa chini kuliko inavyopaswa. Weka vipande vya bati vyenye unene sawa na gasketi ikishabanwa, na gasketi yenyewe utaiingiza mwisho wa kazi.

Funga mlango. Mwanya uwe kama milimita nne kuzunguka, sawa juu na chini. Sogeza boksi hadi upate hivyo, lishike kwa nukta nne za kuchomelea, fungua mlango, funga tena, pima mshazari na ulinganishe na namba za ukutani. Ukiridhika ndipo uchomelee kabisa.

Kuhusu migi yenyewe: waya wa milimita 0.6, gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi, moto mdogo. Bati la milimita moja halivumilii mstari mrefu. Piga nukta moja, ruka sentimita saba, piga nyingine, rudi pale pa kwanza pakishapoa kiasi cha kugusika. Ukivuta mstari kwa pupa bati litajikunja kama chapati juu ya kikaango. Jifunze kwanza kwenye mabaki ya unene uleule. Unganisha vipande viwili, vibane kwenye jiliwa, vikunje kwa nyundo. Bati likichanika pembeni ya kiungo, uko tayari; kiungo chenyewe kikiachia, bado.

Je, ni kweli magadi na chaja ya betri vinaondoa kutu? Nina bawaba, mabano na vifuniko vingi vidogo, kusugua kwa brashi ya waya kumenichosha.
Msomaji, Morogoro

Ni kweli, na kwa vipande vidogo hakuna njia ya bei nafuu inayoishinda. Tumia magadi meupe ya unga ya kufulia. Yale ya kupikia maharage huwa na chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi hiyo ikipitishiwa umeme hutoa klorini, hewa yenye sumu.

Ndoo ya plastiki ya lita 20, vijiko vitano vya mezani vya magadi, koroga. Pembeni simamisha vipande viwili au vitatu vya nondo, viunganishe kwa waya, uvifunge kwenye upande chanya wa chaja ya volti 12. Kipande chenye kutu kining'inie katikati bila kugusa nondo, kifungwe upande hasi. Ukigeuza, kipande chako ndicho kitakacholiwa na nondo itabaki nzuri. Ampea mbili hadi sita zinatosha, kwa saa 12 hadi 24. Chaja za kisasa za kujizima mara nyingi hukataa kuanza zisipoona betri; tafuta ya zamani.

Fanya nje, kwa sababu mapovu yale ni hidrojeni na cheche moja inatosha kuyawasha. Zima chaja kabla ya kugusa chochote. Usitumie chuma cha pua badala ya nondo, maji yake hugeuka sumu ya kromiamu. Usiweke springi wala bolti za ekseli, kwa kuwa hidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla. Aluminiamu isiingie kabisa, kwa hiyo kabureta ikae mbali.

Na kwa kuwa uko karibu na viwanda vya sukari: molasi sehemu moja kwa maji sehemu tisa, zamisha kipande wiki mbili, kitoke kikiwa cha kijivu safi bila umeme wowote. Harufu yake ni kali, weka pipa mbali na jirani. Hata hapa aluminiamu na vitu vilivyopakwa zinki huharibika. Kwa njia yoyote, suuza kwa maji, kausha juani, upake praima ndani ya saa moja.

Habari mafundi. Injini haizunguki kabisa. Imekaa tangu 2009. Nimpe fundi aifungue?
Msomaji, Nakuru

Bado. Usijaribu stata wala kuvuta gari kwa kamba. Toa plagi zote nne, mimina kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda, acha siku mbili. Kisha weka spana 30 kwenye bolti ya puli kubwa ya chini, izungushe taratibu mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ikikataa, ongeza mafuta ungoje wiki. Usipande juu ya spana. Mara nyingi ni ringi za pistoni zimeshikwa na kutu nyembamba tu.

Ikizunguka, mwaga oili, fungua sahani ya kichujio iliyo chini yenye nati sita ndogo, safisha, weka gasketi mpya. Nati hizo zinataka Nm 7 tu kwa spana ya kupimia ukazaji, na kesi ya injini hii ni ya magnesiamu, ukizikaza kwa hasira nyuzi zinatoka. Weka lita 2.5 za oili ya 20W-50. Seti mwanya wa tapeti za vali injini ikiwa ya baridi kabisa, milimita 0.15, na mwanya wa pointi za distribyuta milimita 0.4. Mpangilio wa silinda kupata moto ni 1-4-3-2.

Mipira yote ya petroli ibadilishe siku hiyohiyo, hata inayoonekana mizima. Volkswagen nyingi zimeungua kwa mpira wa petroli uliopasuka juu ya injini ya moto. Kichujio cha petroli kiwekwe mbele chini ya tangi, kisining'inie karibu na distribyuta. Angalia pia kwamba mabati yote yanayozunguka injini na mpira wake wa pembeni vipo. Injini hii haina rejeta, inapozwa kwa upepo, na bati moja likikosekana inavuta tena hewa yake ya moto na kujichemsha.

Betri mpya isiwe ndefu. Ikigusa springi za kiti cha nyuma mtu akikaa, kiti kinawaka.

Nilikwangua bodi yote hadi chuma cheupe, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi imegeuka rangi ya chai. Nimekosea wapi?
Msomaji, Tanga

Umekosea kwa kukwangua nyingi kwa siku moja. Hewa ya Tanga ya usiku inatosha kuanzisha kutu bila tone la mvua. Kwangua eneo unaloweza kulimaliza kabla ya alasiri, mfano mlango mmoja, futa kwa kitambaa chenye tina ya rangi, usiguse kwa mkono mtupu, paka praima ya epoksi jua bado lipo. Sasa hivi sugua tena kwa msasa namba 80, na kwenye vishimo vyeusi visivyofikiwa na msasa paka asidi ya fosfori, iache igeuke nyeusi, ioshe na uikaushe vizuri.

Praima nyekundu ya kawaida ya dukani haizuii maji. Gari likikaa nayo nje msimu wa mvua, kutu huota chini yake usione. Rangi ya zamani isugue kwa msasa wa maji, kwa kuwa rangi za miaka ile huenda zina risasi, na vumbi la risasi si la kuwapa watoto. Breki shuu za zamani nazo lowesha kabla ya kufuta. Nyingi zina asbesto, usizipulize kwa kompresa.

Rangi ya mwisho yenye hadina, ile dawa ya kuigandisha, tungependa umwachie fundi mwenye chumba na kofia ya kuletewa hewa safi. Mvuke wa hadina hiyo huleta pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii.

Ndani ya boksi mpya nimwage oili chakavu, kama wazee walivyokuwa wakifanya?
Msomaji, Unguja

Hapana, mzee wetu. Oili chakavu ina asidi kutoka kwenye injini, hutiririka ikaisha, na njiani huharibu mipira na rangi. Pulizia nta ya matundu kwa bomba refu jembamba, siku tatu au zaidi baada ya praima kukauka, gari likiwa limekaa juani ili boksi lipate joto na nta iingie kwenye maungio. Rudia kila baada ya miaka miwili. Na kabla ya masika na kabla ya vuli, pitisha waya mwembamba kwenye matundu ya kutolea maji chini ya milango na kwenye shimo la spea tairi. Majani ya mwembe huyaziba, na mlango ukijaa maji unaoza kuanzia ndani.